Tangi Lililong'aa Kupita Kiasi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji moja ya Mbeya miaka ya sabini, sikushika rangi hata kidogo. Fundi Mkuu, Mnyakyusa mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa mlango wa lori, msasa na ndoo ya maji, akaniambia nisugue mpaka atakaporudi. Alirudi jioni, akapitisha kiganja kwenye bati, akasema kesho niendelee. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu na tayari nilijiona fundi, kwa hiyo nilinuna.

Ninyi vijana mnanunua vipuri vikiwa kwenye boksi. Wakati ule havikupatikana, na kilichokosekana tulikiunda. Nilipelekwa Makongolosi miezi kadhaa kupaka rangi mitambo ya wachimba dhahabu, na niliporudi nikamkuta Fundi Mkuu anaunda pikipiki nzima. Injini aliitoa kwenye pikipiki iliyoungua. Fremu aliichomelea kwa gesi, akitumia mabomba. Bati la tangi alilikata kwenye pipa la mafuta, akalibonda kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, taratibu, mpaka likawa na mgongo wa mviringo. Sijaona tena mikono ya namna ile.

Kazi ya rangi akanipa mimi. Kila pigo la nyundo huacha kibonyo, nami nilivijaza vyote kwa pati, ule ujiuji wa mafundi unaokauka ukawa mgumu. Nikasugua, nikapiga praima, ile rangi ya chini ya kushikishia, nikasugua tena, kisha nikapiga rangi nyekundu mikono sita, mmoja juu ya mwingine. Ungeweza kunyoa ndevu mbele ya tangi lile.

Tukaipeleka Iringa, kwenye maonyesho ya wapenzi wa pikipiki za kuundwa kwa mkono. Fundi Mkuu aliendesha, mimi nyuma, tangi tumelivika blanketi. Sisi wenyewe baridi ya Makambako ilitutafuna bila huruma. Sharti la maonyesho lilikuwa moja: fremu na tangi viwe vimetengenezwa na mshiriki mwenyewe.

Mkuu wa majaji, mwalimu mstaafu wa ufundi kutoka Kalenga, alitusalimu kwa adabu, "Kamwene," kisha akainama. Akalizunguka tangi, akaligonga kwa kidole, akalitazama tena. Akasema lile ni tangi la kiwandani na pikipiki yetu haiwezi kupokelewa.

Watu wakaanza kunong'ona. Kuitwa mwongo mbele ya mafundi wenzako ni msiba, na wengi pale walimjua Fundi Mkuu kwa jina. Aibu ilinichoma, maana kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeificha kazi yake yote. Yeye hakubishana. Alinivuta pembeni.

"Inabidi tukwangue mahali," alisema. "Lakini rangi ni yako, bwana. Ukikataa, tunaondoka zetu."

Nikamkumbusha kwamba tutapoteza alama ambazo majaji wangetupa kwa rangi. Akasema anajua.

Nilimwangalia. Bosi wangu ananiomba ruhusa, na kusema kweli nilimpenda siku ile kama baba. Nikaazima msasa kwa mshiriki wa jirani, nikapiga magoti, nikaanza mwenyewe. Iliniuma. Nyekundu ikatoka, praima ikatoka, vumbi la pati likanijaa kwenye suruali, na chini yake bati likajitokeza lina vibonyo vya nyundo, kimoja kando ya kingine, vyote sawasawa. Mkuu wa majaji akavua miwani, akavipapasa.

"Nisamehe, fundi," alisema. "Hii ni kazi ya mkono."

Hatukushinda. Lakini kila pikipiki iliyopokelewa iliwekewa kadi mbele yake, yenye mstari mmoja wa jina la aliyeiunda. Fundi Mkuu akaandika jina lake, kisha akaliandika langu pembeni, kwa herufi kubwa zilezile.

Baadaye nilihamia gereji ya Iringa, nikawa mkuu wa kitengo cha rangi, nikapaka mabasi na malori mpaka macho yalipochoka nikastaafu. Magari yote yale yalitoka mikononi mwangu na majina ya wenye mali ubavuni, na ndivyo inavyotakiwa. Langu liliandikwa kwenye kazi mara moja tu, siku ile nilipoiharibu.