Kiondo cha Wangare Hakipeanwi Kitupu

Wangare wa mtaa wa Free Area hagombani na mtu. Ukimkosea hunyamaza, akakutazama kidogo kama fundi anayekupima nguo, kisha akaendelea na kazi yake. Wasiomjua husema ni mpole. Sisi tuliozeeka naye tunajua kwamba amekuwekea. Hilo ndilo neno lake. "Huyo nimemwekea," atasema, kama vile mtu mwingine angesema amekuwekea chakula.

Alizaliwa katika shamba la mzungu upande wa Njoro, na mama yake alimfundisha kusuka kiondo akitembea, maana hapakuwa na saa ya kusuka mtu akiwa ameketi. Akaolewa na mtu wa reli, akaletwa Nakuru, na mume alipofariki akalea watoto kwa viondo na ng'ombe mmoja. Mimi natoka Kuresoi, ni Mkalenjin, yeye ni Mkikuyu. Ua wake na wangu ni ua mmoja, na hata yale mapigano yaliyotupata baada ya uchaguzi hayakuuvunja. Kwa hiyo ninayoandika hapa sikusimuliwa. Niliyaona.

Ndung'u ndiye aliyefungua duka la kwanza la kujihudumia upande wetu, zamani wakati watoto bado wanakunywa maziwa ya shule. Lilikuwa jambo geni. Unaingia, unachukua kitu mwenyewe kwenye rafu, unalipa mlangoni. Wanawake walienda tu kutazama. Wangare akaenda siku moja ya Jumamosi kununua chumvi, na kiondo chake mgongoni, ule mkanda wa ngozi ukiwa kwenye paji la uso kama alivyobeba mama yake. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Ndung'u akasema mkebe wa mafuta ya kupikia haupo kwenye rafu. Hakuuliza mtu. Alimvua Wangare kiondo akakigeuza juu chini, hapo sakafuni, mbele ya foleni nzima. Vikatoka kibonge cha uzi wa katani, kiazi kitamu kilichopoa, nepi ya mtoto, na vile vitambaa vya mwanamke ambavyo hata mume haonyeshwi. Mkebe haukuwemo. Watu wengine walicheka, wengine wakatazama dari. Wangare akapiga magoti akaokota vitu vyake kimoja kimoja. Ndung'u akamrushia mfuko wa plastiki.

"Tumia karatasi kama watu," akasema. "Kiondo ni mfuko wa mwizi."

Huku kwetu ile plastiki tuliiita karatasi. Sijui nani alianza. Haikuwa karatasi, lakini hata mwalimu aliiita hivyo.

Mkebe ulipatikana jioni hiyo nyuma ya magunia ya sukari, mahali mfanyakazi wake mwenyewe alipouweka. Ndung'u hakusema lolote. Juma lililofuata akatundika ubao mlangoni: VIONDO MARUFUKU. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, niliusoma ubao huo na nikauelewa vizuri. Kwa kila mtu aliyepita pale, ubao ulikuwa unamtaja Wangare.

Jina la mwizi likamshika. Kanisani, akikaa benchi, kuna mama alikuwa anausogeza mkoba wake. Binti yake alirudi shuleni analia kwamba wanamwita mtoto wa mafuta. Wangare akatuma wazee wawili wa kanisa kwa Ndung'u. Hakutaka fidia wala mbuzi. Alitaka kitu kimoja: Ndung'u asimame mbele ya watu aseme kwa mdomo wake kwamba Wangare hakuiba. Wazee wakarudi na jibu. "Mambo madogo hayo. Mwambieni asahau."

"Haya," Wangare akasema. "Nimemwekea."

Miaka ikaenda. Ndung'u akanenepa, duka likapata ghorofa. Karatasi zake za buluu, zenye jina lake kubwa, zikajaa mji. Ziliruka na vumbi wakati wa kiangazi, zikaning'inia kwenye miiba ya ua, zikaziba mtaro, na mvua ikinyesha zikaburutwa kuelekea ziwani kwa heroe, wale ndege wa waridi.

Mwaka mmoja kabla ya serikali kuzipiga marufuku, ng'ombe wa Wangare alikataa kula. Tumbo lilivimba, macho yakaingia ndani, na siku ya tatu akaanguka. Kosgei, mchinjaji wa mtaa wetu, akampasua. Alitia mkono tumboni akavuta, akavuta, kama mtu anayetoa kamba kisimani. Zilikuwa karatasi, rundo zima, zimejisokota pamoja na nyasi. Wangare alikuwa akimkatia ng'ombe huyo nyasi kando ya mtaro.

"Mama," Kosgei akasema, "huyu hakufa na ugonjwa. Amekufa na shopping."

Wangare akainama, akakunjua karatasi moja kwa vidole. Jina la Ndung'u lilikuwa bado linasomeka.

Alizifua zile karatasi kwenye beseni. Alizifua kweli, kwa sabuni, akazianika kwenye ua wetu.

"Wangare, tupa huu uchafu," nikamwambia. "Unanuka mpaka kwangu."

"Si uchafu wangu, Jepkoech. Ni mali ya mtu. Namwekea."

Ndipo ukafika mwaka wa elfu mbili na saba, na redio ikatangaza kwamba karatasi nyembamba zimekatazwa. Wenye maduka wengi walingoja waone kama serikali inatania. Ndung'u hakungoja. Alikuwa amesikia kwamba wakubwa wa manispaa wanatafuta duka la kusifia, naye alipenda sana kusifiwa. Akatundika bango: HATUTOI KARATASI TENA. Siku ya kwanza watu wakamfanyia fujo wakidhani hawatapewa risiti.

Kisha akakumbuka kwamba watu lazima wabebe vitu katika kitu.

Meneja wake, Owino, alikuja nyumbani kwa Wangare akiwa amevaa tai, akaruka mtaro kwa shida. Kikundi chetu cha wanawake kilikuwa uani, kila mmoja na kazi yake mkononi. Wangare ndiye mwenyekiti.

"Sasa, mathe," Owino akasema. "Boss amenituma. Anataka viondo, vingi, vya kuuza pale mlangoni. Ati nyinyi ndio wakali wa hii kazi."

"Boss gani?" Wangare akauliza, akijua.

"Ndung'u wa stores."

Mikono yote uani ikasimama, isipokuwa ya Wangare.

"Boss wako anajua kiondo ni nini?"

"Anajua, mathe. Ni mazingira."

"Aa. Siku hizi ni mazingira." Akavuta uzi. "Tutasuka. Mwambie nina jambo moja tu. Kiondo cha kwanza nitamletea mwenyewe, na akipokee kwa mikono yake, mbele ya watu wote watakaokuja. Ndiyo desturi yetu."

Owino akafurahi sana. "Hiyo ni marketing safi. Kutakuwa na hema, na mgeni rasmi, na watu wa gazeti."

"Wapigie simu wote," Wangare akasema. "Asibaki mtu."

Owino alipoondoka wanawake wakamgeukia. Mimi pia nilimgeukia. Kazi ile ilikuwa kubwa, tulikuwa hatujapata nyingine ya namna hiyo, na nilijua uso ule.

"Utatuharibia," nikasema.

"Sitaharibu kitu. Suka, Jepkoech. Lakini nitafutie kila mwanamke aliyekuwa kwenye foleni ile siku ile. Wale walio hai. Waambie wavae vizuri."

Niliwatafuta. Mmoja alikuwa amehamia Karagita kwa bintiye anayekata maua kwenye mashamba ya kule, akaja na gari la asubuhi. Alikuwepo hata yule mama wa kanisani aliyekuwa akisogeza mkoba.

Siku yenyewe Ndung'u alivaa suti ya kijivu. Alikuwa amezeeka, anahema akipanda ngazi mbili, na nilipomwona hivyo roho yangu ililegea kidogo. Ya Wangare haikulegea. Alikuja kutoka mtaani kwa miguu, kiondo kipya mgongoni, mkanda wa ngozi kwenye paji la uso. Miaka mingi hakuwa amebeba hivyo. Kilikuwa kiondo kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka, katani nyeupe na mistari ya kahawia, na mdomo wake umeshonwa kwa uzi.

Mgeni rasmi, mama mmoja wa manispaa mwenye kofia, alikuwa amemaliza kusema habari za ziwa. Ndung'u akasimama akanyoosha mkono mmoja.

"Miwili," Wangare akamwambia.

Watu wakacheka vizuri. Ndung'u naye akacheka, akatoa wa pili, akapokea.

"Unajua kwetu kiondo hakipeanwi kitupu," Wangare akasema.

"Najua, mama. Mimi si mtoto wa mzungu." Akakipima uzito, akageukia mgeni rasmi. "Nafikiri ameniletea njahi, maharagwe yetu meusi."

"Fungua uone."

"Nitafungua nyumbani na mke wangu."

"Hapana," Wangare akasema. Hakupaza sauti. "Wewe kiondo cha mwanamke hukimwagia hapo hapo, dukani, foleni ikiona."

Hapo ndipo Ndung'u alipomtambua. Niliiona ile habari ikimpanda kutoka shingoni. Alikuwa amemsahau kabisa. Alikuwa ametuma mtu kwake, ameketi na kula chakula cha mchana huku akimngoja afike, na hakujua ni nani. Nadhani hilo ndilo lililomkasirisha Wangare kuliko yote.

"Bwana Ndung'u, fungua," mgeni rasmi akasema kwa furaha. "Tuone desturi."

Alikata uzi kwa kisu cha keki. Akainamisha kiondo. Karatasi za buluu zikamwagika juu ya viatu vyake, zimekunjwa vizuri kama nguo za kabati. Harufu ya tumbo la ng'ombe ilikuwa haijazitoka kabisa, pamoja na sabuni yote ile.

"Hizi ni zako," Wangare akasema. "Jina lako liko juu yake. Zilitoka ndani ya tumbo la ng'ombe wangu, Kosgei yule pale alizitoa kwa mkono wake. Zilimuua. Sasa waulize hawa watu, kati ya mimi na wewe, ni nani alichukua kitu cha mwenzake?"

Mgeni rasmi akaanza kupiga makofi. Maskini, alidhani ni mchezo wa kufundisha watu mazingira. "Funzo zuri sana," akasema, na watu wa gazeti wakapiga picha, Ndung'u akiwa amesimama ndani ya karatasi zake. Wanawake wa foleni hawakupiga makofi. Walikuwa mstari wa mbele, wamevaa vizuri, wanamtazama.

Ndung'u akasogea karibu akasema chini kwa chini, "Mama, siku ile palikuwa na kutoelewana kidogo."

"Mimi nilikuelewa. Ulisema mwizi. Sema lile lingine."

"Hapa kuna wageni."

"Siku ile pia kulikuwa na wageni."

Alitazama mlango, akamtazama Owino, akatazama wale wanawake. Akalamba midomo. "Wangare hakuiba," akasema.

"Huko nyuma hawajasikia."

"Wangare hakuiba mafuta," akasema kwa sauti. "Mkebe ulikuwa nyuma ya magunia. Nilijua jioni ile ile."

Yule mama wa mkoba akainamisha kichwa. Wangare hakumwangalia hata. Alikuwa anamtazama Ndung'u kuanzia viatu kwenda juu, polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoingojea sana na kuona mwandiko wake ni mbaya. Kisha akamwambia Owino viondo vingine viko nje kwenye mkokoteni, avihesabu.

Ndung'u alivichukua vyote. Angefanyaje? Picha yake na kiondo ilitoka gazetini, chini yake wameandika kwamba ni mfano wa kuigwa. Kikundi chetu kilipata kazi ya mwaka mzima, na mimi niliyesema atatuharibia niliyameza maneno yangu.

Mchungaji alimfuata akamwuliza kama sasa moyo umetulia, kama amemsamehe.

"Niliomba aseme," Wangare akajibu. "Kusamehe hatukuongea."

Kila Jumamosi huingia katika duka lile na kiondo kikubwa. Hapiti upande wa kuweka mizigo. Huzunguka rafu zote, polepole, anashika hiki na kile, kisha hununua kiberiti kimoja. Mlangoni husimama mbele ya askari na kukipanua kiondo.

"Angalia," humwambia.

"Hapana, mama, pita tu."

"Angalia, baba. Ndiyo kazi yako. Ukiona vigumu, mwite mwenye duka aje akimwage."

Na kule juu kwenye ngazi, mara nyingi, tumeona suti ya kijivu ikigeuka na kurudi ofisini, na mlango ukifungwa.