Sugu za Severini

Severini wa Mahongole anapiga gitaa la besi, na anapiga pekupeku. Njombe mwezi wa Juni, watu wamevaa makoti mawili mawili na kofia za sufu zilizoshuka hadi kwenye nyusi, yeye anavua viatu, anavua soksi, anavipanga vizuri nyuma ya spika, kisha anapanda jukwaani. Ukimuuliza, anasema ana sugu. Sugu hizo tumezisikia miaka mitatu sasa na hakuna aliyewahi kuziona.

Ukweli aliujua yeye na mkewe Modesta. Na mimi jirani yao, kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja, na siku hizi Modesta anaongea naye kwa sauti ya kuitia watu shambani. Masikio ya Severini yanaondoka. La kushoto limeshakwenda, la kulia linafunga virago. Kinachomwokoa ni jukwaa la mbao: dramu kubwa ikipigwa, ubao unatetema, anapokea mapigo kwa nyayo, vidole vinafuata. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba wenzake wakijua watamwambia kwa adabu akapumzike. Mtu aliyepiga besi tangu ujana, akapumzike afanye nini? Alime viazi? Viazi vyake nimeviona. Heri apige besi.

Bendi yenyewe ni watu watatu na makelele ya watu kumi. Dorosela, kiongozi, anaimba na kupiga kinanda. Rabson anapiga dramu. Hugombana juu ya kila kitu, nani kakalia nyaya, nani kala andazi la mwisho, lakini jukwaani hutasikia neno. Wana sheria moja, na aliyeileta ni Severini mwenyewe, enzi Rabson alipokuwa mgeni akauharakisha wimbo mpaka bibi harusi akaingia ukumbini karibu anakimbia. Mtu akipotea, wote wapotee naye, kosa lionekane ni mtindo. Siku ile walikimbia wote pamoja, na watu wa Kidugala mpaka leo wanaamini ile ndiyo ilikuwa midundo ya kisasa.

Juni hii walialikwa harusi Njombe, ukumbi mpya, jukwaa la zege lenye vigae vinavyong'aa. Severini akavua viatu kama kawaida, akakanyaga. Vigae havikumletea kitu zaidi ya baridi. Nyimbo mbili za kwanza alizimaliza kwa kuutazama mguu wa Rabson. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba maharusi wanaingia. Severini alimwona tu akinyoosha mkono, akaanza kwa nguvu wimbo wa kutoa zawadi.

Rabson akafuata hapo hapo. Dorosela akaimba bila kupepesa jicho. Mashangazi wakainuka, wakacheza kuelekea meza kuu na mablanketi, masufuria na majogoo wawili, wakakuta viti vya maharusi vitupu. Wakazunguka ukumbi mara ya pili. Maharusi walipotokea mlangoni, wakapokelewa na majogoo, na kamati ikasifu ubunifu.

Severini hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani Makambako alivitazama viatu vyake, huku wenzake wakijadili pilau. Jumatatu asubuhi akalipangusa gitaa, ambalo ni mali ya bendi, akamwambia Modesta anakwenda kulirudisha. Modesta alilia. Nilimsikia, ukuta ni ule ule, na siku hiyo sikuona cha kuchekea.

Uani kwa Dorosela alimkuta Rabson, misumari mdomoni, akipigilia mbao. Severini akaliweka gitaa chini, akaanza hotuba aliyoiandaa tangu Jumamosi: masikio, kosa, aibu, wamtafute kijana. Dorosela akamwacha amalize, kisha akasogea upande wa sikio la kulia.

"Kaka Severini, tunajua tangu harusi ya Iwawa," alisema. "Kule hata ng'ombe wanatamani viatu. Hakuna mtu anayevua vyake Iwawa kwa ajili ya sugu."

Severini akauliza kwa nini basi hawakusema chochote miaka yote hiyo.

Rabson akatoa misumari mdomoni. "Ulisema ni sugu, nasi tukapotea na wewe. Sheria ni yako, mzee."

Kisha akaugeuza ubao aliokuwa akiupigilia. Ulikuwa mkubwa kama mlango, upande mmoja nafasi ya dramu, upande mwingine nafasi ya mtu kusimama. Severini akavua viatu, akapanda. Rabson akaweka dramu, akapiga pigo moja. Severini akainamia miguu yake kwa muda mrefu, machozi yakimdondokea vidoleni, wala hakuyafuta.

Sasa ubao huo unakwenda nao kila harusi, umefungwa juu ya gari. Na mtu akiuliza ni wa nini, wote watatu wanajibu kwa pamoja kwamba Severini ana sugu.