Dirisha la Kibua

Miaka ile ya vita nilikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja ndogo ya afya, pale Masisi senta. Tulikuwa na seva moja tu, na vituo vya Kibua na Kalembe vilifanya kazi ndani yake kwa njia ya antena ya setilaiti. Nesi wa Kibua alibonyeza kule, lakini dirisha aliloliona kwenye skrini yake lilikuwa linafunguka huku, ndani ya seva iliyokaa chini ya meza yangu. Nesi huyo alikuwa dada yangu mkubwa, tumbo moja.

Programu ile ilikuja imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye umeme wao wa uhakika. Nikaivua mapambo yote: picha ya nyuma, sauti, rangi nyingi, maana antena yetu ilianza kukohoa mara tu mawingu yanapokusanyika. Menyu za Kifaransa nikaziondoa, vikabaki vitufe vichache vya Kiswahili na fishi, yaani kadi ya kila mgonjwa. Nilijivunia kazi ile kuliko harusi yangu.

Tatizo likawa watu. Hakuna aliyefunga dirisha lake. Jioni walizima skrini, wakaifunika kwa kitenge kama mtoto aliyelala, wakaenda zao, na huku seva inalemewa. Mimi si mtu wa subira. Nikairekebisha: ukikaa kimya kidogo, inakukata. Siku ileile simu ikalia.

— Mudogo wangu, hii mashini yako haina adabu kabisa! Natoka kuzalisha mama, narudia, nakuta umeshanifunga mulango. Fishi ya mugonjwa yote imepotea. Mugonjwa njo anangoja mashini, ao mashini njo inangoja mugonjwa?

Nikaibadilisha tena, safari hii kwa Kibua peke yake: mtandao ukikatika, mtu akiondoka, dirisha libaki kama lilivyo mpaka mwenyewe arudi, hata baada ya mwezi. Shefu wetu, mkuu wa ofisi aliyekaa Goma, alinung'unika kwamba seva itachoka. Nikamwambia aje azalishe yeye.

Kisha mapigano yakafika Kibua. Asubuhi moja antena yao ikanyamaza, na simu ya dada nayo ikanyamaza. Waliokimbia walipitia Kashebere, wengine wakafika kwetu na magodoro kichwani, nikawauliza mmoja mmoja. Kuna aliyemwona dada akiingia msituni na wagonjwa. Kuna aliyeapa kwamba alikataa kuondoka. Nikachoka kuuliza watu, nikalifungua dirisha lake kwa nywila yangu ya msimamizi.

Lilikuwa vilevile alivyoliacha. Fishi ya mama mmoja mjamzito: uchungu umeanza alfajiri, chupa imepasuka, halafu neno moja na nusu, "mtoto ame". Hapo basi. Kila siku nilirudi kuliangalia. Niliogopa kwelikweli, lakini lilinitia nguvu pia. Maadamu liko wazi, nilijiambia, mwenyewe atarudi amalizie sentensi yake.

Halafu vita vikasogea Masisi. Shefu akaamuru seva ishuke Goma kwa lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mzee mcha Mungu tuliyemwita Papa, ambaye tayari alikuwa amepakia bidhaa za duka lake lote. Alikuwa uani, injini inanguruma, akaniita.

— Mama, tuende! Barabara ikifungwa, hiyo mashini iko na miguu?

Kuzima seva ni kufunga madirisha yote yaliyomo, na kisichohifadhiwa kinapotea. Nilitaka walau kuihifadhi fishi yake. Nikabonyeza kitufe. Mashine ikakataa, tena kwa ujumbe niliouandika mimi mwenyewe, ili kuwabana wavivu wanaoacha fishi nusunusu: huwezi kuhifadhi bila kuchagua mwisho wa mgonjwa. Chini yake majibu matatu. Alirudi nyumbani. Alihamishwa. Alikufa.

Papa akapiga honi. Nilikuwa nimeshika kipanya, na yule mama mjamzito hakuwemo tena katika mawazo yangu. Majibu yale matatu niliyasoma yote kwa jina la dada yangu. Honi ikalia tena. Sikuchagua hata moja. Nikachomoa waya wa seva.