Vitesse ya Damu ya Mama

Mama yangu hakutaka kukimbia wala kucheza. Alitaka jambo moja tu: kusujudu. Magoti yalimvimba tangu mvua zilizopita, akawa anaswali juu ya kiti cha plastiki nilichokitoa kwenye chumba changu cha kushonea. Alikichukia kile kiti! "Paji yangu itasahau chini," aliniambia siku moja.

Kliniki walimtoa damu, daktari akarudi na majibu. "Mama, vitesse iko juu." Vitesse ni kasi, akatueleza taratibu: damu huwekwa kwenye mrija, ikaachwa itulie, na mtu akiwa na uvimbe ndani ya mwili, chembe zake huzama chini haraka kuliko kawaida. Akampa dawa, akasema tutapima tena. Mimi nilielewa. Mama alishika neno moja tu, vitesse, akalibeba mpaka nyumbani.

Nyumbani alikuwepo shangazi, dada yake marehemu baba. Shangazi anaumika watu, kazi ya kunyonya damu mgongoni. Zamani alitumia pembe ya ng'ombe, siku hizi ana vikombe vya plastiki na kipampu chake cha kuvuta hewa. Pembe ile ndiyo chuku, na kupiga chuku ni kuumika, na ni kutia chumvi vilevile. Basi shangazi alizipiga zote mbili, na sijui kwa ipi alikuwa fundi zaidi. Ukimsikiliza, kuna mzee wa Mudende aliletwa kwake kwa machela, akarudi kwao kwa miguu, tena na gunia la viazi kichwani.

"Vitesse?" akashika kiuno. Mume wake alikuwa dereva wa lori, kwa hiyo mambo ya vitesse hakuna wa kumfundisha. "Damu iko inakimbia hivyo, wifi, na we umekaa tu? Bon. Tunaifunga frein, breki kabisa!"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nikajaribu kueleza habari za mrija, akanifukuza. "We, rudi kwa mashini yako." Nilimpigia daktari, akasema aumikwe tu kama wembe ni mpya na vyombo ni safi, ila dawa asiache, na asiahidiwe makubwa. Haya, nenda wewe ukamwambie shangazi asiahidi makubwa!

Siku ya kuumikwa Mama alilala kifudifudi, vikombe vikavuta mgongo mzima. Kabla hata wembe haujafunguliwa, hodi! Mteja wangu amekuja kujaribu gauni. Mama, ambaye hakubali mgeni amuone hata bila mtandio, aliruka, akajifunga kitenge, akakaa wima na nundu za vikombe mgongoni.

"Mama, magoti inaendeleaje?" mgeni akauliza.

Mama akafungua mdomo ajibu. Pu! Kikombe kikadondoka, kikabiringika mpaka miguuni kwa mgeni. Wote tukakitazama. Pu! Cha pili.

"Yampayinka!" shangazi akaapa kwa Kinyarwanda, kwa kelele. "Frein imekatika!"

Yule mteja alicheka mpaka akaenda zake bila kujaribu gauni. Shangazi akapachika vikombe upya na kumaliza kazi yake.

Baadaye tulirudi kupima. Vitesse ilikuwa imeshuka, lakini kidogo. Daktari alisema hawezi kujua kama ni dawa, ni vikombe, au ni mwili wenyewe. Njia nzima mimi na shangazi tulibishana, mimi upande wa dawa, yeye upande wa frein, tukaingia nyumbani bado tunabishana, adhuhuri inaadhiniwa.

Mama alitandika mkeka. Kiti hakukigusa. Alipofika kwenye sijida akashika ukingo wa kitanda, goti moja, akauma meno, goti la pili, kisha paji likafika chini. Ugomvi wetu ukaishia hapohapo. Roho ilinidunda kwa furaha, halafu kwa hofu, maana hakuinuka. Shangazi akanifinya. "Amekwama?" Nilikuwa nimeshainama nimnyanyue nilipoona mabega yake yanatikisika. Akainuka mwenyewe, polepole, akamaliza swala, akatugeukia analia na kucheka.

"Mulizani nimekwama? Nilikuwa na mingi ya kusema kule chini."

"Na vitesse, Mama? Imeshuka kidogo tu."

"Damu imeshuka kidogo," akasema, akikisukumia kile kiti kwangu kwa mguu. "Mi nimeshuka mpaka chini. Beba kiti yako."