Siku Nilipomwiga Mjukuu Wangu Akisoma

La, sikumwona. Mie na dadangu tuliagana eyapoti ya Mombasa, akanishika kidevu akaniambia, "Nenda kawachekeshe Wamarekani," basi, ikawa ndiyo mwisho. Mwaka haujageuka tangu tumzike. Tumzike nasema, mie nilizikia kwenye simu, hapa Wheaton, nyumbani kwa binti yangu. Lakini tulikuwa twende. Sote! Safari ilipangwa mpaka rangi ya mapazia.

Mkwe wangu ni Myahudi. Mtu mzuri, ila Kiswahili chake kama anatafuna barafu: "Mama, u-me-am-ka-je?" Saa kumi alasiri hiyo. Kwao, mtoto akifika miaka kumi na mitatu husimama mbele ya watu akasoma kitabu chao cha dini, kwa sauti, kwa lugha yao ya kale, kisha hufanyiwa sherehe, leo umekuwa mtu mzima. Bat mitsva, ndivyo wanavyoita kwa mtoto wa kike. Zamu ya mjukuu wangu ikafika, na maskini mtoto ana kigugumizi. Akizungumza na mie hakionekani sana. Mpe kitabu mbele ya watu, ulimi unafunga breki.

Siku moja akaja kitandani kwangu akanilalia miguuni. Mie namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kizungu, tunakwenda hivyo hivyo. Akaniambia anataka kusomea Mombasa. Nikamwuliza, mbona mbali hivyo? Akasema huko hakuna mtu wa darasa lake. Huko ni jamaa tu, na jamaa hawamcheki mtu.

Mie nikaruka kwa furaha! Dadangu alikuwa na miaka miwili hainuki kitandani. Na kupanda ndege peke yangu siwezi, mabango siyasomi, magoti hayanisikii. Nikamkalia binti yangu kooni. "Mama, sawa. Mama, basi. Mama, tutakwenda!" Likizo yake yote ya mwaka akaiweka hapo. Mkwe wangu akaomba sinagogi yao wamwazime kile kitabu, kimekunjwa kama mkeka, akasema atakipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Kila Jumapili asubuhi tukawa tunapiga vidio koli kupanga mambo. Kule jioni, wapwa zangu wamejaa chumbani kwa mama yao, simu wameiegemeza kwenye birika. Nikawaambia, nguruwe watu hawa hawali, kama sisi. Vigelegele! Ila nyama na maziwa hawachanganyi, kwa hivyo mkipika pilau, chai iwe ya rangi. Dadangu na ile sauti yake ya puani: "Sasa hiyo ni dini, au kuna mtu tumbo linamsumbua?" Tulicheka hapo! Tulipotulia akasema, "Mlete. Maneno ya Mungu ni maneno ya Mungu. Kitanda changu wakisogeze mlangoni nimsikie."

Mtoto akawa anafanya mazoezi kila siku chumbani kwake, juu ya pale ninapokunja nguo. Mie shule sikuiona kwa macho, lakini sikio ninalo. Haukupita mwezi nililishika somo lote, maana yake sijui hata neno moja. Na pale anapokwama nikapashika pia. Anavuta pumzi kama aliyekanyaga kaa la moto, anaigonga ile herufi mara tatu, mara nne, anarudi nyuma, anaanza upya.

Mwenzangu, mie mdomo huu ndio ulionilea. Nimemwiga kadhi, nimemwiga daktari wa meno, nimemwiga marehemu mume wangu mbele ya wazee wake.

Jumapili ile mpwa wangu akauliza, "Mama mdogo, kwani huyo binti anasomaje?" Nikajitupia taulo mabegani, mfano wa shela yao ya kusomea. Nikasoma. Nilisoma vizuri, wallahi, mpaka wakanyamaza. Ningekomea hapo. Nikafika pale pa kukwama, na mie nikakwama. Ile pumzi. Ile herufi. Macho nimeyatoa, shingo nimeinyoosha kama yeye. Chumba kizima kule kikalipuka! Mmoja kaanguka na kiti, wengine wanapigana mabega, dadangu anacheka mpaka anakohoa, "Rudia! Hebu rudia!"

Nikarudia. Na safari hii nikazidisha.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa dadangu. Hakuwa ananitazama mie tena, alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Mtoto kasimama ngazini na karatasi zake mkononi. Nikamwambia, "Njoo, mama, njoo uwasalimie, tunataniana tu." Hakuja. Hakulia wala hakukunja uso. Mkwe wangu akatoka jikoni, "Ku-na ni-ni?" Taulo bado liko mabegani mwangu, nalivuta haraka nalo linaninasa hereni.

Mtoto akaitazama simu, akawatazama wale mmoja mmoja, kisha mie. Akataka kusema, na kwa Kiswahili, ili na wao wasikie. Neno la kwanza likamkwama. Likamkwama, tukalingoja sote, hapa na kule.

"Mombasa sitaki. Nitasoma hapa, na wewe Bibi usije."