Mashine Mpya na Nyirinyiri ya Fardosa

Tangu juzi uliponionyesha kwenye simu yako picha ya ile mashine ya jikoni, mwanangu, ukaniuliza kama uinunue, kuna siku moja inanirudia kila nikifumba macho. Ilikuwa hapa hapa Garissa, miaka ya themanini, nami nilikuwa bibi arusi mwenye hina mikononi na kichwa kigumu. Keti. Chai ipo, wala mimi siendi popote.

Mtaa wetu ulikuwa haujakaa sana na stima, na babu yako, Mungu amrehemu, akaniambia nichague kitu kimoja cha umeme cha jikoni. Nikaenda dukani karibu na soko nikakuta mashine tatu za kukatakata na kusaga vyakula. Kubwa kuliko zote ilikuwa na visu vya kila namna na visahani ambavyo vingine hata leo sijui vilikuwa vya kazi gani. Mwenye duka aliona macho yangu yalipotua.

"Walaal, dada yangu, hii nakata kila kitu," akasema. "Bilibili, kitunguu, nyama, yote. Mkono yako nabumzika."

Sikuuliza hata swali moja. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikaondoka na ile kubwa.

Siku ya kwanza ilikataa kuzunguka. Niliibembeleza, nikaitukana, astaghfirullah, na babu yako akawa anachomoa waya na kuuchomeka tena kana kwamba ni fundi. Kumbe kifuniko hakikukaa sawa, nayo haiendi mpaka kifuniko kilie tak. Baada ya hapo tukaelewana. Vitunguu vya sambusa vilikatika bila chozi, pilipili ikasagika bila kuniwasha vidole, na majirani wakaja kutazama. Niliringa, mwanangu, sitakuficha.

Basi mdogo wangu Fardosa akaposwa na watu wa Buna, kule kaskazini kupita Wajir. Safari ya huko siku hizo ilikuwa ya lori na vumbi, na aliyekwenda hakurudi upesi. Kwetu, msichana akiolewa mbali, mama yake alimfungia mkebe wa nyirinyiri: nyama ya ngamia iliyoanikwa juani, ikakatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa mpaka ikauke, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli yenye hiliki. Wakwe huufungua, huonja, na hapo hujua bibi arusi katoka nyumba gani. Heshima ya mama ilikuwa ndani ya mkebe ule.

Lakini lililomnyima mama usingizi lilikuwa jingine. Fardosa alikuwa amenyamaza. Tangu posa ikubaliwe hakucheka, hakulia, hakusema anataka wala hataki. Ukimwuliza anakujibu, "Niko sawa." Mama aliona uchungu kumpeleka mtoto mbali vile bila kujua moyoni ana nini.

Siku ya kukata nyama ilipofika, wanawake wameshakaa mkekani na visu vyao, mimi huyo nikaingia na mashine nimeikumbatia kama mtoto mchanga. "Wekeni visu chini," nikawaambia, "sasa hivi tunamaliza." Mama akasita. Mimi nikajaza nyama mpaka juu, nikafunga kifuniko, nikabonyeza. Ikanguruma, ikatetemeka, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Nilipofunua nikakuta nyuzi na unga, kitu kisichojulikana ni nyama au ni kamba iliyofumuka.

Habo Sahara, dada mkubwa wa mama, akachukua kidogo kwa vidole akakitazama.

"Hii ukiikaanga itanyonya mafuta yote na kushikana," akasema. "Haifiki hata Wajir. Naa, wewe Halima, mashine hii umeinunua kwa macho. Ya jikoni hununuliwa kwa tumbo. Uliwahi kujiuliza nyumba yako inakula nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Habo hakuwa mtu wa kumkanyaga aliyeanguka, akacheka, akasema, "Ikipoa, ikate vitunguu. Hivyo inavijua. Hii uliyoiharibu tutaila kwenye sambusa." Kisha akanipa kisu akaniketisha karibu na Fardosa.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, sembuse ngamia. Tulikata mchana kutwa, na mikono ikishazoea kazi, midomo nayo hufunguka. Kila mmoja akasimulia ndoa yake ilivyoanza. Habo, aliyeolewa kijiji cha Kotile akiwa mdogo, akaeleza jinsi alivyokuwa akijificha nyuma ya nyumba kulia, mpaka mama mkwe akamfuata, akakaa chini, naye akaanza kumlilia mama yake mwenyewe.

Kisu cha Fardosa kikasimama. "Habo, ulilia siku ngapi?"

"Nani kakwambia nimemaliza?"

Tukacheka wote. Fardosa alicheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio, na maneno yakatoka. "Mwanamume simwogopi. Naogopa kuamka mahali ambapo hakuna hata mmoja anayenijua."

Mama akaangusha kisu akamkumbatia na mikono yake ya mafuta. Kabla nyama haijaisha ilikuwa imekubaliwa kwamba Habo Sahara atapanda lori pamoja naye, akae huko Buna mpaka mtoto azoee. Na mashine yangu, wallahi, ilikata vitunguu vizuri sana siku ile.

Fardosa alipokuja kututembelea, tumbo lake limeshatangulia, aliniambia jambo ambalo hajui jinsi lilivyonigusa. "Nikifungua mkebe nilikuwa natafuta vipande vyako. Vikubwa, vimepinda, wakwe wakavicheka. Nilivibakiza nikavila mwisho."

Sasa nakujibu, mwanangu. Inunue, mikono yako haikuumbwa kuteswa. Ila kwanza keti ujue nyumba yako inapika nini wiki nzima, ndipo uchague, na ukitosheka na ndogo usione haya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, kwa hiyo muulize mwenye duka mpaka akuchoke. Anza na kitunguu, usiijaze kupita nusu, ikinguruma vibaya iache ipumzike, na visu vyake vioshe taratibu. Lakini siku nyumba ina harusi, au msiba, au mtu anayesafiri mbali, ifunike kitambaa. Wagawie watu visu wakae mkekani, hata kama wanakata vibaya. Kazi ile ikiisha upesi, yupo mtu atakayeondoka na neno lake moyoni, na hamtalisikia kamwe.

Mwenyezi Mungu akupe jiko lisilozima, mume anayeshukuru chakula, na nyumba ambamo anayeogopa hupata pa kusemea. Na popote utakapokwenda, akujaalie mtu wa kukujua. Amin.