Gari Lililokunywa Maji Ramadhani

Juzi nilimwona jirani akiijaza maji rejeta ya gari lake kuukuu, nikakumbuka safari yetu ya kutoka Gitega kwenda Muyinga, Ramadhani moja wakati wa vita. Karibu na Gashoho baba alisimama, akazima injini. Rejeta ilikuwa tupu tena, ila chini ya gari palikuwa pakavu kabisa. Moshi mweupe ulinukia kama nguo mbichi chini ya pasi.

"Papa, sisi tunafunga, mbona gari iko inakunywa?"

"Maji iko inaingia ndani ya moteri. Nyamaza kwanza."

Akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu. Nilidhani anasikiliza ugonjwa wa gari. Leo najua gasketi, ile inayozuia maji yasiingie ndani ya injini, ilikuwa imeungua. Lakini injini alikwisha kuizima. Baba alikuwa akisikiliza milima, kama kuna milio ya risasi.